Lee Van Cleef: nianze na picha ipi, na mbona nakala hazifanani?

mtazamaji_mpya

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua picha za kikauboi kwa undani. Nataka kuzipitia kazi za Lee Van Cleef, yule mwenye pua ya mwewe, macho madogo makali na masharubu membamba. Nimekwama mahali panne.

Orodha yake ni ndefu, na nyingi humo anaonekana dakika chache kisha anapigwa risasi. Nianze na ipi? Pili, The Good, the Bad and the Ugly naiona imeandikwa dakika 161, pengine 179, pengine 155. Ipi nzima? Tatu, katika hiyo ya 179 kuna mahali sauti yake inageuka kabisa, kama kaongea mtu mwingine. Nne, picha za Sabata ni ngapi, na mbona mojawapo anacheza Yul Brynner?

Wa "google tu" wapite kimyakimya, tafadhali.

kofia_nyeusi

Mkuu, swali lako la kwanza linajibika ukijua kuwa huyu jamaa alikuwa na maisha mawili ya sinema, yenye mpaka ulio wazi: mwaka 1965. Ukichanganya picha za kabla na za baada bila kujua hilo, utaona kama unawaangalia waigizaji wawili.

Alizaliwa 9 Januari 1925 huko Somerville, New Jersey. Jina kamili ni Clarence Leroy Van Cleef Jr., na ukoo una asili ya Kiholanzi (wengi humu hudhani ni Mwitaliano kwa sababu ya picha alizochezea). Vita Kuu ya Pili ilimkuta jeshi la majini, akawa mtu wa mtambo wa kusikiliza chini ya maji katika meli ya kufagia mabomu, USS Incredible. Baada ya vita alifanya kazi ya hesabu ofisini, jioni anacheza maigizo ya jukwaani. Mtayarishaji Stanley Kramer alimwona katika mchezo wa Mister Roberts, na hapo ndipo pua ilipoingia kwenye historia.

Kramer alimtaka kwa nafasi ya naibu wa marshal (mlinda sheria wa mji) katika High Noon ya 1952, kwa sharti moja: akapasuliwe pua ipunguzwe. Akakataa. Nafasi ya naibu ikaenda kwa Lloyd Bridges, yeye akapewa Jack Colby, mmoja wa majambazi watatu wanaomsubiri mkubwa wao stesheni. Colby hasemi neno hata moja picha nzima. Anapuliza kinanda cha mdomo na kutazama, basi. Lakini picha inapofunguka, sura ya kwanza kuonekana ni yake, amekaa nje akivuta sigara.

Kwa miaka kumi iliyofuata Hollywood ilimtumia kwa kazi hiyo hiyo: adui namba tatu. Gunfight at the O.K. Corral (1957) anauawa mapema. The Tin Star (1957), The Bravados (1958), Ride Lonesome (1959), zote yuko upande wa wabaya. The Man Who Shot Liberty Valance (1962) ni mmoja wa vibaraka wawili wa Lee Marvin, mwingine akiwa Strother Martin. Ukitazama hiyo ya mwisho, usimtafute kwenye maneno. Mtazame amesimama nyuma ya Marvin: hajitikisi ovyo, hachezi na kofia, hataki kuonekana. Anayejua kukaa kimya mbele ya kamera hivyo ni mtu aliyelipwa miaka kumi kukaa kimya.

Mwaka 1958 alipata ajali mbaya ya gari, goti likaumia kiasi kwamba madaktari walimwambia huenda asipande farasi tena. Alipanda, lakini goti halikurudi lilivyokuwa. Kazi zikapungua, akawa anachora picha za rangi na kupamba nyumba za watu pamoja na mkewe. Mwanzoni mwa 1965 mwongozaji wa Kiitaliano Sergio Leone alifika Los Angeles akitafuta mtu wa kucheza Kanali Mortimer katika For a Few Dollars More. Lee Marvin, aliyetakiwa kabla yake, alikuwa amechukua picha nyingine, Cat Ballou. Leone akamchukua Van Cleef, ambaye wakati huo, kwa maelezo yake mwenyewe, hata bili ya simu ilikuwa inamshinda. Malipo yalikuwa dola 17,000. Mwaka mmoja baadaye alipoitwa kwa The Good, the Bad and the Ugly na The Big Gundown kwa pamoja, alilipwa zaidi ya dola laki moja.

Kwa hiyo anza na For a Few Dollars More (1965), kisha rudi nyuma kwenye High Noon, ndipo uendelee na The Good, the Bad and the Ugly (1966). Hizo tatu kwa mpangilio huo zitakueleza karibu kila kitu.

fundi_projekta

Niende kwenye dakika na sauti, maana hapo ndipo watu wanaponunua nakala mbovu kwa bei ya nzuri.

Toleo la Kiitaliano la 1966 lilikuwa refu. Lilipopelekwa kwenye soko la Kiingereza mwaka 1967 lilikatwa hadi dakika 161. Vipande vilivyokatwa havikuwahi kuingizwa sauti ya Kiingereza, kwa sababu kazi ya sauti ilifanyika baada ya mkasi. Mwaka 2003 vikarudishwa, ndiyo dakika 179 zako. Waigizaji wenzake, Clint Eastwood na Eli Wallach, waliitwa studio kuzitamka sentensi zao upya, zaidi ya miaka 35 baadaye. Van Cleef alikuwa ameshafariki tangu 16 Desemba 1989, kwa hiyo sehemu zake zilisemwa na mwigizaji wa sauti, Simon Prescott. Mahali unapoisikia vizuri ni kwenye ngome iliyobomoka yenye majeruhi wa vita, anapompa sajenti chupa ya pombe ili apate habari. Nakala yako haina ubovu wowote hapo.

Kwa picha hizi za Kiitaliano kumbuka jambo moja: sauti iliyotumika haikuwa ya eneo la kupigia picha. Kila mtu aliongea lugha yake, Mhispania Kihispania, Mwitaliano Kiitaliano, kisha yote yakaingizwa studio. Ndiyo maana midomo na maneno haviendi pamoja hata kwenye nakala safi. Kwa Kiingereza Van Cleef anaongea mwenyewe. Kwa Kiitaliano anayeongea ni Emilio Cigoli. Ukitaka Van Cleef halisi, chukua sauti ya Kiingereza, tena ile ya mkondo mmoja kama ilivyokuwa zamani. Ile iliyotanuliwa kwa spika sita ina milio ya risasi iliyobadilishwa, na bastola za Leone zilikuwa na mlio wake.

Sasa hiyo 155. Usiikimbilie kusema imekatwa. Filamu ya sinema hutembea fremu 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliokuwa wetu Afrika Mashariki na wa sehemu kubwa ya Ulaya kabla ya dijitali, ulitembea 25. DVD nyingi za PAL huiharakisha filamu kidogo badala ya kuongeza fremu, kwa hiyo muda unapungua asilimia 4 na sauti inapanda kidogo. Zidisha dakika za asili kwa 0.96:

161 × 0.96 = 154.6. Hiyo ndiyo 155 yako, nzima.
132 × 0.96 = 126.7. Ukiona For a Few Dollars More ina 127, ni nzima pia.

Ikishuka chini ya hapo ndipo uanze kuuliza mkasi ulipita wapi.

kofia_nyeusi

Ongezea umbo la picha, mkuu. Wengi wanaangalia dakika, hawaangalii kingo.

fundi_projekta

Nakuja huko. Picha zote za Leone na Van Cleef, pamoja na The Big Gundown, Day of Anger, Death Rides a Horse na Sabata, zilipigwa kwa mfumo wa Techniscope. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutumia matundu manne ya pembeni kwa kila fremu. Techniscope ilitumia mawili. Roli ya futi 1,000 inayotoa dakika 11 ikatoa 22. Kwa mtayarishaji asiye na hela hiyo ni nusu ya gharama ya filamu ghafi. Faida ya pili ndiyo iliyomfaa Van Cleef: lenzi zilikuwa za kawaida, si zile zinazobana picha kiubavu. Kamera iliweza kusogea hadi usoni, macho yakajaza skrini pana bila uso kuvimba wala kupinda. Hasara yake ni chembechembe, kwa kuwa fremu ni ndogo nusu. Nakala ya Techniscope isiyo na chembechembe hata kidogo imesuguliwa na kompyuta, na nyuso zitaonekana kama nta.

Upana ni mara 2.35 ya kimo. Namna ya kupima kwenye skrini ya 1920 kwa 1080: picha iwe na kimo cha pikseli kama 817, na mikanda myeusi ya takriban 131 juu na 131 chini. Kama imejaza skrini yote na watu wana umbo la kawaida, umepoteza karibu robo ya picha pembeni. Kama ni ya mraba-mraba ya televisheni za zamani, umepoteza zaidi ya asilimia 40. Hebu fikiria pambano la watu watatu makaburini katika nakala ya namna hiyo: mtu mmoja daima yuko nje ya fremu.

High Noon ni kinyume chake. Hiyo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, upana mara 1.37 ya kimo, kwa hiyo lazima iwe na mikanda kushoto na kulia, kama pikseli 220 kila upande. Ikijaza skrini pana, vichwa vimekatwa.

Mwisho, rangi. Nakala ya The Good, the Bad and the Ugly iliyotoka 2014 baada ya kusafishwa ina umanjano mwingi kupita kiasi, hadi mbingu inaonekana kama imechovywa kwenye chai. Ukiona hivyo usianze kurekebisha televisheni yako.

stelingi_hafi

Mimi napingana na kofia_nyeusi kwenye mpangilio. Mgeni ukimwanzishia High Noon kwa ajili ya Van Cleef atalala. Dakika 85 na mtu wake hasemi! Aende For a Few Dollars More, halafu moja kwa moja The Big Gundown ya Sergio Sollima, ambamo yeye ndiye stelingi. Anacheza Jonathan Corbett, mwinda wahalifu anayetazamia siasa, anamfukuza mkulima wa Kimeksiko aitwaye Cuchillo (Tomas Milian) kwa kosa ambalo hakulitenda. Kila anapomkamata anachezewa, na uso wake unabadilika polepole, kutoka uhakika hadi shaka. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora, kuliko hata ya Leone.

Halafu Day of Anger (1967) ya Tonino Valerii, na Giuliano Gemma. Sisi tuliozoea kugawa picha kwa stelingi na adui tunapata taabu hapo: Frank Talby anaanza kama mwalimu wa kijana mfagia mavi wa mjini, anampa masomo kumi ya bastola, na kadiri masomo yanavyoendelea unaanza kumwogopa mwalimu. Nakala ya Kiitaliano ni dakika kama 114, ile ya kimataifa 86. Hapo hesabu ya 0.96 haikusaidii, huo ni mkasi kweli. Tafuta 114.

The Big Gundown nayo iliumizwa Marekani. Nzima ni karibu dakika 110. Ukipata ndefu ya Kiingereza, usishtuke watu wakianza Kiitaliano ghafla katikati ya mazungumzo. Sababu ni ile ile aliyoeleza fundi: kilichokatwa kabla ya kuingizwa sauti hakina Kiingereza.

kofia_nyeusi

Sawa, The Big Gundown nakubali iingie mapema. Ila High Noon siitoi.

Mkuu mwuliza swali, ukishaanza For a Few Dollars More, angalia mambo haya. Mortimer hashindi kwa wepesi wa mkono, anashinda kwa umbali. Hubeba turubai lililobiringishwa kwenye farasi, ndani yake bunduki za urefu tofauti. Mapema kwenye picha yule anayewindwa anatoka mbio kwa farasi. Mortimer hakurupuki. Anafungua turubai, anachagua bunduki, anamwangusha farasi. Jamaa anakuja kwa miguu akipiga bastola, risasi zinatua mbele ya Mortimer, hazimfikii. Yeye anachukua bastola ya mtutu mrefu, anaiunga kitako cha begani, analenga, anapiga moja. Mtutu mrefu na kitako ndivyo vinavyompa mita za ziada ambazo mwenzake hana. Mzaha wa kofia na Eastwood baadaye unarudia hesabu hiyo hiyo: Eastwood anaipiga kofia ya kanali inaruka mbali, tena na tena, mpaka inafika mahali bastola yake haifiki. Zamu ya kanali, anaipiga ya mwenzake ikiwa hewani.

Na bastola ya kiunoni anaivaa mbele, karibu na tumbo, anaivuta kwa kuvukisha mkono. Mvuto wa aina hiyo ni mrefu kidogo kuliko wa pembeni mwa paja, lakini unamfaa mtu aliyekaa na mtu aliye juu ya farasi. Na unamfaa mtu mwenye goti bovu anayecheza kwa kusimama wima, hatua chache, bila mbio. Mtafute anapokimbia katika picha za Leone uone kama utapata cha maana.

Kitu kingine ni mkono wa kulia. Kidole cha kati hakina ncha. Kilikatika akimtengenezea binti yake kijumba cha kuchezea. Kwenye pambano la mwisho la The Good, the Bad and the Ugly kamera inakwenda karibu kabisa na mkono ukisogea kuelekea bastola, na pengo linaonekana. Kwenye nakala iliyokatwa kingo hulioni vizuri, ndiyo faida ya vipimo vya fundi.

mtazamaji_mpya

Asanteni sana, kwa kweli nimefaidi. Nimepima: ya For a Few Dollars More niliyonayo haina mikanda kabisa, na watu wote ni warefu wembamba kama milingoti. Inatibika? Na Sabata mbona mmeruka?

fundi_projekta

Inatibika, na ni bahati kuliko iliyokatwa. Picha imebanwa kiubavu, haijakatwa. Kwenye programu ya kuchezea video fungua sehemu ya uwiano wa picha, weka 2.35:1. Mikanda itatokea juu na chini, watu watarudi na miili yao. Kama programu inakupa 16:9 na 4:3 tu, tumia nyingine. Baada ya kurekebisha tazama kitu cha duara, gurudumu la mkokoteni au ile saa ya mfukoni ya Mortimer: ikiwa yai, bado hujafika.

stelingi_hafi

Sabata. Ziko tatu kwa jina, mbili kwa ukweli. Sabata ya 1969 na Return of Sabata ya 1971 ni za Van Cleef, zote kaongoza Gianfranco Parolini. Katikati kuna Adiós, Sabata, ya Parolini pia, lakini ilitengenezwa kwa jina Indio Black, na mhusika wake ni Indio Black, Yul Brynner. Jina lilibadilishwa kwa soko la nje kwa kuwa Sabata ilikuwa imeuza, na jina la mhusika likabadilishwa wakati wa kuingiza sauti. Ndiyo maana havai kama Sabata wala hatumii silaha zake. Sabata wa kweli ana kibastola kidogo cha mitutu minne, na kwenye mpini kuna mitutu mingine iliyofichwa. Adui akishahesabu risasi nne anajitokeza, na hapo kwaheri.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1972 Van Cleef naye alicheza The Magnificent Seven Ride! kama Chris, nafasi iliyokuwa ya Brynner mwaka 1960 na 1966. Wakawa wamebadilishana viatu.

Tahadhari nyingine mbili. Death Rides a Horse (1967) na The Grand Duel (1972) zinauzwa kwenye mikusanyiko ya bei chee ya picha kumi au ishirini kwa diski moja. Picha zenyewe ni nzuri, hasa hiyo ya kwanza pamoja na John Phillip Law na muziki wa mtunzi Ennio Morricone, lakini nakala za humo mara nyingi ni za kanda chakavu zilizokatwa kingo. Pima kwanza kwa njia ya fundi.

Na ukikuta Master Ninja I, II na kuendelea, hizo si filamu. Ni tamthilia ya televisheni ya 1984, The Master, vipindi 13 tu, vilivyounganishwa viwiliviwili kuwa kanda. Van Cleef alikuwa anakaribia miaka 60 na moyo umeanza kumsumbua. Kwenye mapigano, anayeruka amejifunika uso si yeye. Kama unataka uzee wake uliotumika vizuri, chukua Escape from New York ya 1981: Hauk, mkuu wa polisi, kipara, hereni sikioni, amekaa mezani anaongea taratibu. Dakika si nyingi, ila kila akitokea anaishika skrini.

mtazamaji_mpya

Gurudumu limekuwa duara. Naanza nayo usiku huu, High Noon kesho.

stelingi_hafi

Haya, kofia_nyeusi kashinda. Weka kahawa karibu.